Kengele Iliyonyamaza Shimoni

Turwa, Jumanne jioni

Haikulia. Maji yalipanda shimoni, kaka Marwa akatoka na tope hadi kiunoni, na kengele ya kuonya maji niliyomtengenezea ikanyamaza.

"Mura, kijana wetu, mashine ya dada yako imelala!" wachimbaji wenzake walimcheka. Yeye hakucheka. Aliniuliza tu, "Bhoke, uliijaribu kweli?"

Niliijaribu, ila hapa mezani, kwenye kompyuta. Mwanamke hasogelei mdomo wa shimo. Wanasema akifika, dhahabu hukimbia.

Kosa nimeliona leo. Programu yangu, niliyoiandika kwa lugha ya C, huweka sehemu ya mlio pale tu KENGELE ikiwa ni 1. Faili la kompyuta lilisoma mipangilio yenye neno hilo. Faili la kifaa cha shimoni nilisahau kulisomesha mipangilio. Na neno lisilojulikana C hulihesabu sifuri, bila kulalamika.

Sasa mafaili yote yanasoma mipangilio ileile, na KENGELE lazima iwe 0 au 1. Nimewasha pia onyo la -Wundef, ili neno geni lipigiwe kelele. Nimeisoma programu upya mara nne. Bado situlii.

Nimemwambia Marwa, "Kaka, usishuke kesho kabla sijaijaribu mwenyewe, palepale shimoni."

"Wazee wa shimo watakataa."

"Basi usishuke."

Sijawahi kumjibu hivyo.

Marwa alileta mabuti yake ya shimoni, akayaweka chini ya kitanda changu; bila hayo hashuki.