Asiyeingia Darasani Hashiki Tromboni

Sumbawanga, 26 Februari 2025

Dada Albina,

Shikamoo. Huku sote wazima na mvua zinaendelea. Habari za Kirando, na kifua cha shemeji? Simu ya jirani yako Bertha husikilizwa na ufuo mzima, ndiyo maana naandika na kumpa Abeli, kondakta wa basi.

Ni habari ya mwanao Jane. Tangu shule zifunguliwe alikuwa akitoka hapa na sare, lakini darasani hafiki. Nilimkuta kwenye mashine ya kusaga, amekaa juu ya magunia. Darasa lao la sita limejaa, na wenzake wanamwita Dagaa kwa sababu ametoka ziwani. Niligomba weee, haikusaidia.

Nyuma ya shule yao kuna ukumbi wa parokia. Masomo yakiisha, mwalimu Vitus, mstaafu wa bendi ya jeshi, huwafundisha watoto tarumbeta, tromboni na ngoma. Sharti lake ni moja: asiyeingia darasani asubuhi hashiki chombo siku hiyo, naye humwuliza mwalimu wa darasa. Nikampeleka Jane, akapewa tromboni. Tangu hapo hajakosa shule.

Najua ningesubiri ruhusa yako. Lakini sasa ni giza, mwezi haupo, mitumbwi iko ziwani kila usiku nawe uko vichanjani unaanika dagaa. Hujawahi kujibu barua kabla ya mbalamwezi.

Mdogo wako,
Bertilla


Kirando, 15 Machi 2025

Bertilla mdogo wangu,

Marahaba. Shemeji yako anakohoa, na ziwani anakwenda hivyo hivyo. Sasa mbalamwezi imewapumzisha wavuvi, nami nimepata mkono wa kushika kalamu.

Tarumbeta ninazozijua mimi ni za harusini. Vijana wamepanda nyuma ya pikapu, mashavu yamevimba, na mabinti wanawafuata mpaka usiku. Binti wa Flavian alianza hivyo, sasa ananyonyesha na la saba hakumaliza. Sikumtoa mtoto ziwani akapulize bomba. Nilimleta kwako asome, afike sekondari, asizeeke akigeuza dagaa kama mama yake.

Mtoe. Na kama shule haitaki, mrudishe, kichanja chake kipo hapa.

Dada yako,
Albina


Sumbawanga, 19 Machi 2025

Dada,

Shikamoo. Poleni na kikohozi, mpeni shemeji maji ya moto na tangawizi.

Nimemtoa. Jane hakulia. Alimwaga mate ya tromboni, akaipangusa, akaifunga kwenye mfuko wake na kumkabidhi mwalimu Vitus. Ningependa uje uuone ukumbi kwanza, lakini mtoto ni wako.

Mdogo wako,
Bertilla


Sumbawanga, 23 Aprili 2025

Dada Albina,

Shikamoo. Mbalamwezi imepita bila barua yako. Abeli anasema upepo uliwaezulia paa na mlikuwa mnahangaika na mabati. Poleni sana.

Tangu warudi kutoka likizo fupi, Jane ameingia darasani siku za kuhesabika. Yuko tena kwenye mashine ya kusaga. Mwalimu wa darasa ameniita, anasema akiendelea hivi la saba hataliona. Nilipomwuliza taratibu alinijibu, "Mama mdogo, mama ameshaniwekea kichanja. Dagaa hawaulizi hesabu."

Sikudanganyi kwamba muziki unampa mtoto akili. Hesabu za Jane hazikupanda alipokuwa akipuliza. Godbless wa jirani anapiga ngoma mwaka wa pili huu na bado anaburuta mkia. Wengine wameacha. Na ni kweli wanachelewa kurudi, sare hazifuliwi. Nilichokiona ni kwamba wenzake waliacha kumwita Dagaa, wakawa wanamwita Tromboni, naye asubuhi alikuwa anaamka kabla sijamwita. Sasa wamerudia lile jina la zamani.

Niambie la kufanya. Nikimpandisha basi la Kirando, sidhani kama atarudi huku.

Mdogo wako,
Bertilla


Kirando, 28 Aprili 2025

Bertilla,

Marahaba, hamjambo? Paa limerudi. Leo ni giza, dagaa wa alfajiri wako vichanjani na wingu limefunga upande wa Kongo. Nimemwomba Bertha anikusanyie dagaa mvua ikija. Akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, naandika barua.

Kwa nini ulimsomea mtoto maneno yangu? Neno la kichanja lilikuwa lako wewe, si lake.

Mrudishe ukumbini. Lakini pikapu za harusi hapandi, mwambie huyo Vitus. Naishia hapa, matone yameanza.

Dada yako,
Albina


Sumbawanga, 5 Mei 2025

Dada Albina,

Shikamoo. Nilipoona tarehe ya barua yako, kwamba umeandika katikati ya giza, nilikaa chini kwanza. Sijui dagaa wangapi walilowa. Ni kweli nilimsomea. Nilitaka ajue si mimi niliyemtoa.

Nimekwenda kwa mwalimu Vitus. La pikapu halina ubishi, watoto wake hawapigi harusini, hupiga kanisani na kwenye mahafali. Lakini tromboni haipo. Alishampa Happyness wa darasa la tano, na hawezi kumnyang'anya. Jane atasubiri zamu, na wakati anasubiri atakuwa anapangusa vyombo vya wenzake.

Nilidhani atakataa. Alimwuliza mwalimu, "Na anayepangusa, naye lazima awe ameingia darasani?"

Vitus akasema, "Hata anayefagia."

Wiki iliyopita hakukosa shule. Hesabu ni zile zile.

Jumamosi hii, tarehe kumi, watoto watapiga ukumbini. Mwezi utakuwa umekaribia kupevuka na wavuvi watakuwa wamelala. Ukija, usimtafute mbele kwa wapigaji. Anasimama nyuma na kitambaa chake, karibu na mlango. Ukiingia utamkuta yeye kwanza.

Mdogo wako,
Bertilla