KIKAO CHA DHARURA KUHUSU CHOO CHA MTOTO ANAYEHARISHA

Tarehe: Alhamisi, 14 Machi
Mahali: Maabara, kwa kuwa ukumbini wamo mafundi rangi
Waliokuwepo: Daktari wa watoto (Mwenyekiti), Mkuu wa Maabara, Mpimaji (mdogo wa mkewe Mkuu), Muuguzi (Katibu)
Mwalikwa: Mama wa mtoto
Hakuwepo: Mfamasia. Alipoisikia ajenda alipata udhuru.

KUMB. NA. 1/ MALALAMIKO
Mwenyekiti alieleza kwamba mtoto anaharisha tangu mwezi uliopita, lakini kila jibu la maabara linasema hana vimelea. Mama aliongeza: "Nguo zinamvuka, nyie mnaniambia mzima!"

KUMB. NA. 2/ NJIA ZA KUPIMA
Mkuu alieleza kwamba yeye hupaka choo kidogo kwenye kioo, hutia tone la maji ya chumvi na kutazama kwa hadubini, na jicho lake halijawahi kumdanganya. Mpimaji alieleza kwamba choo hichohicho kikichujwa, kikatiwa dawa na kuzungushwa kwenye mashine, vimelea hukusanyika chini, hata vikiwa vichache. Kipimo cha haraka nacho kilitoa mstari hafifu, dalili ya vimelea. Mkuu alisema ule si mstari, ni uvumi.

Alimkumbusha Mpimaji: "Shemeji, nilianza kuchungulia hadubini wewe ukinyonya." Mpimaji alijibu kwamba huenda ndiyo maana macho yamechoka. Mwenyekiti aliomba mambo ya ukweni yabaki ukweni.

KUMB. NA. 3/ JARIBIO
Choo cha asubuhi kiligawanywa, kila mmoja akapima mbele ya wajumbe. Katibu alifungua madirisha.

Kioo cha Mkuu hakikuwa na kitu. Akainamia cha Mpimaji, akafuta miwani, akainama tena.

"Wamo," alisema. "Vijidudu vya giadia. Wamejaa tele."

Alipendekeza yaliyopita yasahauliwe, kwani mavi ya kale hayanuki.

Mama alisema: "Haya ni ya leo asubuhi."

Kikao kilisimama kwa muda kutokana na kicheko. Mkuu hakucheka.

KUMB. NA. 4/ MAAZIMIO
Mtoto aanze dawa leo. Mama aliuliza: "Na wale wengine mliowarudisha nyumbani?" Mkuu alisema waitwe wote wapimwe upya kwa mashine, na wazazi atawapigia simu yeye mwenyewe.

Aliomba isiandikwe "Mkuu alikosea" bali "njia ilikosea". Mpimaji alimuunga mkono. Mama alipinga. Mwenyekiti aliagiza yaandikwe yote mawili.

KUMB. NA. 5/ KUFUNGA
Wajumbe walitawanyika saa sita kasorobo mchana, baada ya kunawa hadi viwiko.

(Saini) Mwenyekiti
(Saini) Katibu