Uso Ulioniachia

Shangazi yangu mpendwa,

Barua zote nilizokutumia kutoka Kasulu zilianza kwa kukujulia hali, na jirani yako Mama Yosefina ndiye aliyekusomea kabla hujajua kusoma. Hii sijui niianzeje, maana hali yako naijua. Uko chini ya udongo wa Kibondo tangu masika, nami nimejifungia katika chumba changu cha nyumba ya walimu, na daftari lako na kioo. Hakuna wa kunigongea mlango.

Ulinilea tangu kaka yako, baba yangu, alipofariki. Hukuzaa, na watu waliotukuta njiani na vikapu vyetu walisema huna haja ya kuzaa, sura tumegawana. Paji lile pana, mashavu yale, weusi ule ule wa kung'aa. Jioni ulikuwa ukinikalisha karibu na moto, ukapasha kiganjani mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, ukanipaka kuanzia kisogoni mpaka vidoleni. Kila kiungo ulikitaja na kukipa pole ya kazi. Mimi nilikuwa nacheka, natekenyeka. "Usicheke," ulikuwa ukisema, "magoti yanasikia."

Mlipohamia kijiji kipya kando ya barabara, kisomo cha watu wazima kilianza, nawe ukajiunga na mvi zako. Mwalimu wenu aliwataka muandike kila siku sentensi moja kuhusu kitu mlicho nacho. Wenzako wakaandika mbuzi, jembe, migomba. Wewe ulimwambia migomba umeiacha kule mlimani na mbuzi wamekufa, kilichobaki ni mwili, basi utauandika huo. Uliponisimulia nilicheka tena. Nilikuwa mwalimu, nimesoma, nikaona ni mambo ya kitoto. Mwaka huo huo mpiga picha alipita kijijini, ukakataa kukaa mbele yake. Ulimwambia picha yako iko Kasulu, inafundisha.

Shangazi, hiyo picha niliiharibu mwenyewe.

Darasani nilikuwa nawafundisha watoto kwamba Mwafrika asionee haya rangi yake. Niliimba nao na makofi nikapiga. Lakini kulikuwa na mwalimu mwenzangu niliyempenda, naye siku moja aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba ningekuwa maji ya kunde nisingekuwa na mpinzani. Angenitukana ningemjibu. Kwa kuwa alisema kwa upole, nilikwenda dukani nikanunua sabuni ya kujichubua. Kila alfajiri nilijisugua mpaka uso ukawaka kama umepakwa pilipili, kisha nikaenda kuwaimbisha watoto. Baada ya miezi mitatu nilikuwa mweupe usoni na mweusi masikioni. Yeye akaenda kuoa Kigoma mjini.

Likizo ya Desemba nikaja kwako, uso nimeufunika kwa kitenge njia nzima. Mlangoni nilikifungua, nikachuchumaa, nikapiga makofi taratibu kama ulivyonifundisha, nikakuamkia kwa Kiha, "Mwakeye." Kwetu mtu hajafika nyumbani mpaka mkubwa amwitikie. Wewe ulivuta kigoda, ukasema kwa Kiswahili, "Karibu, mgeni. Habari za safari?"

Ulikuwa hujawahi kusema nami Kiswahili maisha yako yote. Hata kugombana tuligombana kwa Kiha. Nilikula ugali wako, nikalala, asubuhi nikaaga. Ulinisindikiza mpaka barabarani, ukanipa chupa ya mise iliyofungwa kwa jani la mgomba. "Kapake," ukasema, basi. Niliposhuka Kasulu niliiacha chupa ndani ya lori. Sikuisahau, niliiacha makusudi, na hilo sijamwambia mtu mwingine.

Habari za kifo chako zilinifikia barabara ikiwa imekatika kwa mvua. Nilipofika ulikuwa umeshazikwa. Wanawake wengine walikuwa wamekuosha na kukupaka mafuta, kazi iliyokuwa yangu. Mama Yosefina alinipa daftari lako, akaniambia ulikuwa ukilala nalo chini ya mto.

Nimelisoma mara nyingi, herufi zako kubwa za penseli zikipanda na kushuka. "Leo miguu imenifikisha mtoni na kunirudisha. Asante miguu." "Mgongo unauma lakini kuni zimefika. Asante mgongo." "Jua limenipiga tangu asubuhi, ngozi yangu nyeusi haikulalamika. Asante ngozi." Kisha nikafika kwenye siku ile yangu. Uliandika: "Leo uso wangu umekuja kutoka Kasulu. Umeungua. Nimeuita mgeni. Nimekosa. Akija tena nitamwitikia."

Kurasa zilizofuata zilikuwa tupu. Nimeanza kuziandika mimi, kila siku sentensi moja. Siku ya kwanza nilishindwa kabisa, nikaandika jina lako. Ya pili nikashukuru mikono, kwa kuwa ilishika chaki siku nzima huku nikilia. Uso niliuogopa. Sabuni niliitupa chooni, nikanunua chupa ya mise sokoni, na sasa kila jioni najipaka mwenyewe, nataja viungo na kuvipa pole. Mgongoni pale katikati mkono haufiki, napaacha.

Rangi inarudi polepole, imeanzia juu, nywele zinapoanzia. Mashavuni kuna mabaka ambayo nadhani hayataondoka. Lakini jana asubuhi nilitazama kioo nikaona paji la uso limerudi lote, pana, linang'aa, na chini yake macho yako. Ilikuwa mara ya kwanza kukuona tangu Desemba. Nilichuchumaa pale pale sakafuni, nikapiga makofi taratibu, nikasema, "Mwakeye."

Nilikaa hivyo mpaka kengele ya shule ikalia, nikisubiri uniitikie.

Lala salama, Shangazi. Nisamehe ile chupa.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako, picha yako ya Kasulu