Barua ya Neno Moja

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Endebess tunaamka salama, ni mahindi tu yanachelewa kukauka. Ng'ombe wako amezaa ndama jike. Shangazi yako wa Kitale anakusalimu.

Unasema umeandika barua ya kuomba nafasi ya kusomea ualimu, ukaipima kwa mashine ya mtandao pale saiba, duka la kompyuta la Bungoma, ikakuambia maneno hayajatosha. Ati ujaze nini? Mimi sijui kompyuta. Namjua babu yako.

Nikiwa msichana, naye akifanya kazi stesheni ya Bungoma, aliniandikia kurasa tatu. Alisifu macho yangu, akasalimu hata mbuzi wetu. Nikasoma mpaka mwisho, nikarudia. Hakuna mahali alisema kama atakuja kuongea na baba yangu, na mwanaume mwingine alikuwa ameshatuma wazee. Nilikasirika, bana! Nikamjibu: "Unakuja ama huji?"

Akanitumia karatasi nzima, katikati yake neno moja: "Nakuja."

Kwa hivyo jaza, kama wanataka urefu. Lakini kwanza waambie kwa nini unataka kufundisha watoto. Nimesoma ile nakala uliyonitumia, nikarudia, na hilo sijaliona.

Mashine yako ingeikataa ile barua ya babu yako. Mimi niliikunja, nikatoka nje kuchagua jogoo wa kumchinjia.

Ni mimi,
Kukhu wako