Moshi Uliohamia Nyumbani

Jumatatu, 3 Aprili

Ukungu tangu alfajiri. Nimefika ofisini saa mbili kasoro, jenereta tayari linanguruma. Umeme hakuna tena. Mzee Shabani anapasha pikapu moto, bahasha za leo ziko kiti cha mbele. Ndivyo ilivyo kila siku. Mimi nachapa nyaraka za mbao hapa Njombe, yeye anazipeleka bohari letu la Makambako, kesho yake asubuhi anarudi na zilizosainiwa. Mwaka wa tisa huu.

Mkurugenzi kaniita. Wanunuzi wa Ulaya wametuma fomu. Wanataka kujua ofisi yetu inatoa hewa ukaa kiasi gani na tutaipunguzaje. Hakuielewa, kanisukumia. "Eliza, wewe ndiye uliyesomea kompyuta."

Nimefurahi. Niandike ukweli: nimefurahi sana.

Alhamisi, 13 Aprili

Siku tatu na risiti za mafuta. Jenereta. Pikapu. Marundo ya karatasi tunazochapa mara mbili kwa sababu ya kosa moja.

Jibu liko wazi kabisa. Nyaraka ziende kwa barua pepe. Kila mtu afanyie kazi nyumbani, tukutane ofisini Jumatatu tu. Jenereta lizimwe. Kurasa nne, safi, hazina kosa hata moja.

Nimeandika "safari ya kila siku Makambako ifutwe". Jina la dereva sikuliandika. Nimejiambia watampa kazi bohari. Sikumuuliza mtu.

Ijumaa, 28 Aprili

Mkurugenzi kasoma ripoti mbele ya wote kama vile kaiandika yeye. Tukapiga makofi. Nami nikapiga.

Kisha akaitwa Mzee Shabani. Akatoka na barua mkononi. Bohari hakuna nafasi.

Mtu wa Kondoa huyu, ameishi Makambako hadi watoto wake wameoa huko. Mume wangu alipofia Mbeya, yeye ndiye aliyetuletea maiti nyumbani. Hata chai hakutaka.

Ametuaga mmoja mmoja kwa mkono. Alipofika kwangu akasema, "Ripoti nzuri, mwanangu. Nimeambiwa umeiandika wewe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Jumanne, 16 Mei

Wiki ya pili ya kufanyia kazi nyumbani. Kompyuta iko juu ya meza ya chakula. Mama anaamini nimefukuzwa kazi na namficha. Nikimweleza anaitikia tu, kama unavyomwitikia mtoto.

Nyumba haina dari. Baridi ya hapa mtaani kwetu Ramadhani inashuka moja kwa moja kutoka kwenye bati. Nisipowasha jiko la mkaa asubuhi vidole havichapi. Ofisini tulikuwa watu watano, chumba kimoja, jiko moja. Sasa ni nyumba tano, majiko matano. Nimecheka peke yangu. Haikuwa ya kuchekesha.

Umeme ukikatika naweka flashi mfukoni, nakwenda kafe ya intaneti mjini. Jenereta lao ni kubwa kuliko lile letu.

Jumatano, 7 Juni

Wanunuzi wametuma pongezi. Picha ya Mkurugenzi imo kwenye jarida lao, amesimama mbele ya miti. Ofisi isiyo na moshi, wameandika.

Kanunua gari jipya, kubwa, la dizeli. La nini? Kuzungukia nyumba zetu kukagua kama tunafanya kazi. Leo kaja kwangu saa nne. Hakuzima injini. Kachungulia mlangoni, kamwona mama, kauliza, "Na huyu anakaa hapa siku nzima?"

Akae wapi? Ni kwake.

Namchukia mtu huyu. Namchukia na mtu aliyemwandikia kurasa nne.

Alhamisi, 22 Juni

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Bado mchana.

Nyaraka zilitakiwa Makambako kabla ya saa tisa. Baridi leo ni ya kukata masikio. Nilifunga dirisha, nikaziba chini ya mlango kwa kitenge. Mama alikuja kukaa nami na blanketi lake, maana chumba chenye kazi ndicho chenye moto. Akasinzia. Kichwa kilianza kunigonga. Nikasema nimalize ukurasa huu kwanza. Nikaumaliza. Nikatoka na flashi kwenda kafe, nikamwacha na jiko apate joto. Mlango nikaurudishia.

Niliporudi alikuwa sakafuni. Ametapika. Nimemwita, haitiki. Jirani yangu Mama Neema alisikia kelele zangu, tukamburuta hadi uani, mumewe akaleta gari.

Daktari kijana, mpole. "Hewa ya mkaa haina harufu, mama. Mlikuwa mmefunga dirisha?"

Nilifunga mimi.

Ijumaa, 23 Juni

Mama kafumbua macho. Kaniangalia muda mrefu. Kisha kanisalimu, "Kamwene," kwa adabu, kama unavyomsalimu mgeni aliyekuja kuulizia njia.

Nimeitikia. Nimetoka nje kulia.

Saa sita Mkurugenzi kapiga simu. Nikadhani amesikia habari, anatupa pole. Anauliza ukurasa wa tatu uko wapi, bohari hawajauona.

Jumatatu, 3 Julai

Mama yuko nyumbani. Jina langu limemrudia. Siku ya Alhamisi ile haimo kabisa kichwani mwake. Anachelewa kupata maneno, kijiko anakishika vibaya. Nimemwambia ni mimi niliyefunga. Kasema, "Ulikuwa unafanya kazi." Basi. Kama vile hilo linatosha.

Leo nimewaandikia wanunuzi mwenyewe. Kiingereza changu cha sekondari. Nimewaambia hewa ukaa haikupungua, imehama. Imetoka ofisini, imeingia vyumbani tunamolala. Nimewaeleza majiko matano, jenereta la kafe, gari la ukaguzi. Nimeeleza habari za mama. Mwisho nimeandika kwamba ripoti wanayoisifu niliiandika mimi, na ni ya uongo, ingawa wakati naiandika sikujua.

Nimetuma. Sikumuuliza mtu. Safari hii najivunia kutomuuliza.

Jumatano, 19 Julai

Nimefukuzwa.

Barua yangu wamemtumia Mkurugenzi, ajibu. Kajibu kwamba mkaa ni desturi ya nyumbani, hauhusiani na kampuni. Wameridhika. Fomu yao inauliza habari za ofisi, haina mahali pa kuandika nyumba ya karani.

Kaja mwenyewe kuchukua kompyuta. Injini inaunguruma nje. Nimemwambia, "Mama yangu nusura afe akiwa kwenye ofisi yako."

Kasema, "Hii ni nyumba yako, Eliza. Mimi sina ofisi hapa."

Kabeba waya na kipanya pia. Hakusahau kitu. Mama kamtakia safari njema.

Jumamosi, 29 Julai

Nimekwenda Makambako. Mama nimemwacha kwa Mama Neema, uani, penye jua.

Nilimkuta Mzee Shabani karibu na wanapoegesha malori. Anaziba pancha. Amekonda. Nikamwamkia, akaitikia, akanionyesha tairi nikalie. Nikamweleza yote: ile ripoti, jinsi nilivyokwepa kuandika jina lake, mama, barua, kufukuzwa. Alikuwa anasugua mpira wa ndani kwa msasa, hakuinua kichwa.

Nikasema, "Mzee, nisamehe."

Akapaka gundi. Akaipuliza ikauke.

"Nimekusikia," akasema.

Sikuomba zaidi. Akauliza kama mama sasa anakula. Nikasema uji, na viazi nikiviponda. Akasema ni vizuri. Mteja akaja, Mzee akasimama kumhudumia. Nikakaa juu ya lile tairi kidogo, nikimwangalia anavyofanya kazi, kisha nikaaga nikaenda kutafuta gari la kurudi Njombe.