Vipande vya Gauni la Kijani

6 Januari

Mdogo wangu Pini,

Salamu nyingi, na baada ya salamu natumaini hujambo wewe na wanao. Sisi huku wazima, isipokuwa magoti yangu, ambayo mimi nayo hatusemezani siku nyingi sasa.

Nimerudi kwa daktari. Amesema goti la kulia lazima lipasuliwe, la sivyo mwakani nitakuwa napika nimekaa kitini. Lakini hanigusi mpaka nipungue. Akanionyesha kwenye mizani pa kufika, nikamwambia hapo nilipita zamani sijaolewa. Hakucheka. Na mimi ndiyo kazi yangu, mpishi wa shule ya bweni, siku nzima naonja. Sufuria refu kama pipa halionjwi kwa kijiko kimoja.

Basi yale maneno yetu ya harusini nimeyakubali. Unakumbuka mpiga picha alivyorudi nyuma mpaka akagonga meza ya keki, ili mimi na wewe tuenee? Ulisema tupungue pamoja, na haya magauni ya kijani uliyotushonea kutoka jora moja tuyavae kila wiki yatukumbushe. Gauni likipwaya, linapunguzwa ubavuni, na kipande kilichokatwa kinatumwa kwa mwenzako awe shahidi. Sawa. Mimi la kwangu nitampelekea fundi wa hapa, si kila mtu ana cherehani nyumbani kama wewe.

Habari hizi usinipigie simu. Kwenye simu unacheka, nami nacheka, na nikicheka nasahau. Andika. Na ukishindwa wewe kwanza, nitafurahi kupita kiasi, nakwambia kabisa.

Dada yako


29 Januari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Vipi hali yako, na shemeji, na hayo magoti yasiyosema? Sisi hatujambo. Watoto wanakusalimu.

Fungua bahasha taratibu, kitu kisije kikadondoka. Umekiona? Ni kipande changu cha kwanza! Najua ni chembamba, lakini ni changu, kimetoka ubavuni. Kila asubuhi kabla ya kufungua chumba cha ushonaji nazunguka soko lote. Mkate nimeuacha, sukari nimeiacha, nimebakiwa na ulimi tu.

Wewe umefika wapi? Au gauni limekubana zaidi? Nakutania tu, usivunje vyombo vya shule.

Picha sitakutumia mpaka nimalize. Sitaki kukuua.

Mdogo wako


16 Februari

Pini,

Hujambo? Mimi sijambo. Nimeshakusalimu, sasa nisikilize.

Kipande chako nilikipokea jikoni, mikono ina unga. Wiki tatu tu! Mimi wiki tatu hizo nimekula mchicha mpaka nimeota kijani, nimepanda mizani ya hospitali, mshale haukutikisika. Wewe unazunguka soko mara chache, ubavu unakatika. Ndivyo ilivyokuwa tangu utotoni. Kitanda cha dirishani ukapewa wewe. Nywele ndefu wewe. Mimi nilikuwa naambiwa, "Mkubwa, muachie mwenzio," na nimekuachia mpaka mwili mwembamba nao.

Nakuonea wivu na sioni haya kusema. Jioni ile nilikuwa nimeamua kula kiporo cha wali kilichobaki, nimeshashika kijiko. Nikakumbuka ulimi wako. Nikakitupa kijiko kwenye sinki, nikatoka, nikazunguka uwanja wa shule nikikusema kwa sauti. Mlinzi alidhani nimegombana na mume.

Kipande nimekipigilia msumari ndani ya mlango wa kabati ya vikombe, ili kila nikitaka sukari nikutane nacho.

Dada yako


3 Aprili

Dada mpendwa,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Sisi wazima, na mimi ni mzima kupita wote.

Kipande cha pili hicho. Kipana kuliko cha kwanza, si eti? Dada, jana muuza nyama kaniita "binti". Nikageuka nyuma kutafuta binti mwenyewe, kumbe ni mimi! Wateja wangu wananiuliza dawa gani natumia. Mmoja kaniomba nimpe siri, nikamwambia siri ni kuwa na dada anayenuna.

Viatu navyo vinanitoka. Sijui nifanyeje na maisha haya. Nionee huruma.

Mdogo wako


22 Juni

Pini,

Salamu. Mwanao mdogo kapona kikohozi? Shemeji yako anakusalimu, anasema uache kunichokoza maana anayelala na mimi ni yeye.

Nimepungua. Kipande hicho hapo, cheki mwenyewe. Fundi wa hapa alipokikata nilimwambia akate tena, akasema mama, pumzi nayo inahitaji nafasi.

Lakini nisikudanganye, mwezi wa tano wote nilitaka kuacha. Mizani ilikwama. Nilikula kwa kipimo, nilitembea, nikipanda juu yake inanitolea jibu lile lile. Bwana Stoo, mtunza ghala wetu wa shule, anakuja na mikate ya moto kutoka tanurini, anainusisha puani kwangu, anasema, "Mpishi mwembamba nani atamwamini?" Siku moja nilichukua mkate mzima, nikajifungia stoo nao. Nikaanza kulia kabla sijaumega. Wenzangu wote wanazeeka na magoti yao, kwa nini langu linataka mtihani?

Ndipo kikaja kipande chako cha tatu na ile barua ya kigauni cha bintiye jirani ulichojaribu kikakuingia. Pini, niliumwa roho kama mtu aliyeibiwa. Nilitamani upate harusi tatu wiki moja ule mpaka upasuke. Nilitamani mshono ukuachie sokoni watu wakiona. Mkate nikamrudishia Bwana Stoo na nikatoka. Nimetoka kila siku tangu hapo. Daktari anasema endelea na unachofanya. Angejua ninachofanya ni kukuchukia, sijui angeandika nini kwenye cheti.

Dada yako


10 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wote hatujambo. Hongera kwa kipande, nimekiweka juu ya cherehani. Kidogo, lakini tutafanyaje, kila mtu na mwendo wake.

Changu cha nne hicho. Kazi ni nyingi, nitaandika vizuri nikipata nafasi.

Mdogo wako


2 Oktoba

Wewe,

Salamu zipo kwa watoto wako, wape.

Jana nilitoka hospitali nina furaha. Bado kidogo nifike pale daktari alipotaka. Nimekata kipande cha pili, hicho kwenye bahasha, na kabla ya kukituma nikasema nikitandaze kitandani pamoja na vyako vyote, nione bado umenizidi kiasi gani. Nikavitoa vyako mlangoni kwenye kabati, nikavipanga vyote kwenye shuka nyeupe.

Changu kimepauka. Gauni nimelivaa kila Jumapili, nimelifua, nimelianika juani, kijani kimekuwa kama majani ya chai yaliyochemka mara mbili. Kuna vitundu vya sindano pembeni, ulipopita mshono wako wa kwanza. Chako cha Januari nacho kina vitundu. Lakini hivyo vitatu vingine, Pini! Rangi ya dukani. Havijaona maji, havijaona sindano. Vimekatwa kwenye jora.

Mimi si fundi, lakini nguo nimefua tangu hujazaliwa.

Nilikaa chini nikashindwa kuinuka, na safari hii haikuwa goti. Miezi yote hii nimemwonea wivu mtu ambaye hayupo. Nimelala na njaa kwa ajili ya viatu vinavyokutoka! Na wewe wakati huo ulikuwa unakula nini? Niambie. Nataka kujua kila sahani. Maana hata hapo naona wivu, kwamba mwaka mzima ulikuwa unakula mkate na siagi huku mimi nikinusa.

Usiponijibu, usije kunitazama hospitali.

Dada yako, kwa bahati mbaya


20 Oktoba

Dada yangu,

Shikamoo. Kama huiitikii, naelewa.

Kile cha kwanza ni changu kweli. Baada ya hapo niliacha. Sikukata tamaa kwa kishindo, niliacha tu kidogo kidogo, leo mvua, kesho wateja, keshokutwa keki ya mtoto. Nilikuwa nimeshaketi kukuandikia kwamba nimeshindwa, ndipo ikaja barua yako ya kijiko kwenye sinki. Nikaisoma mara nyingi. Wewe nakujua. Ukipongezwa unakaa. Ukizidiwa unaondoka mbio. Nikasema nikimwambia nimeanguka atacheka, atafurahi, halafu atashika kijiko tena, na goti hilo litamlaza. Jora lilikuwa na masalio. Nikachukua mkasi.

Nilidhani kukata nguo ni kukata nguo. Sikufikiria rangi, mimi fundi mzima! Kila siku nashona vitambaa vipya, nimesahau kwamba nguo ya mtu inapauka.

Umeuliza nilikuwa nakula nini. Kila kitu. Na gauni langu halinipandi tena mabegani. Cherehani nimeishusha chini kwa jirani kwa sababu ngazi zinanimaliza pumzi. Mwezi uliopita nilianguka nikiwa nampima mteja. Nesi amenipima presha, akaita mwenzake aje aone. Wameniambia nipungue, au nitawaacha watoto wangu wadogo. Hayo sikutaka kukuandikia, ndiyo maana barua ya Agosti ilikuwa fupi.

Halafu kuna jambo moja nikwambie. Vipande vyako viwili, vimepauka hivyo, viko juu ya cherehani yangu. Kila nikivitazama naona wivu. Lakini wivu wangu si kama wako. Wako unakutembeza. Wangu unanikalisha chini na mkate.

Nisamehe, Dada. Siku ya kupasuliwa nijulishe.

Mdogo wako


[Novemba na Desemba zilipita bila barua.]


18 Januari

Mdogo wangu Pini,

Salamu, na hujambo? Mimi nimesimama wakati naandika, nimeegemea meza ya jikoni, kwa sababu naweza.

Nimepasuliwa. Sikukujulisha kwa makusudi, ungekuja na maua ukaharibu kila kitu. Daktari alisema amewapasua wengi, lakini goti kama langu, na mtu aliyejiandaa kama mimi, hajapata kuona. Huenda nimetia chumvi kidogo. Nesi wako akiwa ana muda umsomee hii.

Natembea bila fimbo. Jana nimepanda ngazi za bweni hadi juu, nikakaa dirishani kama kile kitanda ulichoninyang'anya. Pumzi ilikuwa tele, nikakosa hata pa kuiweka. Nilikukumbuka wewe huko chini kwa jirani na cherehani yako, nikakuonea huruma. Bwana Stoo ananiomba siri. Nimemwambia siri ni kuwa na mdogo mwongo.

Ah, nilitaka kusahau. Muuza nyama wa kwetu kaniita "binti". Wa kwetu yupo kweli.

Gauni fundi amelipunguza mara ya tatu, kipande hicho hapo, kipana, usije ukadhani ni shuka. Amesema akikata tena nitakuwa navaa mikono ya gauni tu. Wewe la kwako lipeleke kwa watoto wachezee nyumba, wataenea wote.

Niandikie ukipata cha kuandika. Mimi sina haraka, naishi sana siku hizi.

Dada yako mwembamba


30 Machi

Dada,

Shikamoo huipati. Magoti yako siyaulizi.

Barua yako niliisoma nikaitupa, nikaiokota, nikaitupa tena. Usiku sikulala. "Naishi sana siku hizi"! Asubuhi nilitoka mvua ikinyesha, nikazunguka soko nikikutukana mpaka muuza nyama akafunga dirisha. Nimetoka kila siku tangu hapo. Watoto wakiniona navaa viatu wanaulizana, "Shangazi kafanya nini tena?" Nawaambia huyo si shangazi yenu, huyo ni mama yenu mkubwa, na mama mkubwa atanitambua.

Jana nesi amenipima presha, hakuita mtu.

Gauni limenipanda tena mabegani, na limeanza kupwaya. Kipande hicho kwenye bahasha. Ni chembamba, kinaweza kufungia kidole. Kioshe uone kama kinatoa rangi.

Mdogo wako