Nyumba Tuliyomjengea Baba Mukubwa

Bunia, Mudzipela
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu za mikono miwili, na mkono wa tatu ni wa Justin, anayesimama nyuma yangu akiniambia niandike herufi kubwa ili macho yako yasiume. Goti lako linaendelea namna gani? Mjomba na watu wa nyumba yake huko Mahagi wanaamka vizuri? Maharagwe yametoa maua, ao mvua imeyalaza? Sisi huku tuko wazima. Tena zaidi ya wazima, Mama! Kila asubuhi ninasema asante kwa Mungu mbele ya kufungua macho, kwa sababu nikifungua kwanza, ninamwona Justin na maneno yote yananitoroka.

Juzi kwa simu uliuliza, "Lakini shemeji Ngabu alipatikana namna gani?" halafu mtandao ukakatika. Kesho mchungaji wetu anapanda Mahagi, ndiyo sababu ninakuandikia yote bila kuharakisha.

Lakini kwanza univumilie kidogo, maana lazima nimsifu mume wangu. Mama, anaamka kabla yangu na kuwasha makala ya jiko! Ananiletea chai na karanga kitandani, na nikisema majirani watamcheka, anajibu kwamba majirani wamekwisha kumcheka kwa mambo makubwa kuliko chai. Mbele ya watu ananiita "Madame" kwa sauti ya besi ileile anayoimbia kwaya. Akiwa kazini kwenye karakana, ninasikia randa yake ikipita juu ya mbao, na moyo wangu unaifuata kwenda na kurudi. Basi, nimeacha. Ninajua unacheka.

Sasa habari yenyewe.

Unakumbuka Justin alipokupigia simu mara ya kwanza kujitambulisha. Ulimwambia, "Mutoto mwanamuke haondoke bila mukono wa baba. Baba yake alikufa, lakini mukubwa wake iko. Mumutafute." Alikujibu ndiyo kama mtu anayetumwa kununua chumvi. Hakujua kwamba tangu tulipokimbia vita kule Bule usiku ule, hakuna mtu wa jamaa aliyemwona tena Baba mukubwa. Mwaka mzima, kila Jumamosi, alizunguka katika kambi za watu waliokimbia, hema kwa hema, akiuliza: Muzee Ngabu wa Bule, mrefu, kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikatwa na panga shambani. Alirudi na vumbi tu, akaniambia, "Bado."

Ndipo Tanti Véro, binamu wa Baba, alipotuita nyumbani kwake. Alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na samaki, kwa hiyo nilijua kuna neno zito.

"Watoto," alisema, "mumufanyie muzee matanga. Siku tatu tu. Tulie, tumalize, halafu jamaa itachagua mutu mwingine wa kusimama pahali pake. Aliyekufa hazuii arusi. Asiyejulikana ndiye anazuia."

Mama, hata wewe tulipokupigia ulisema, "Fanyeni tu, mwanangu, nimechoka kungojea." Sikulaumu. Mimi nilikuwa nimekubali kabla sahani hazijaondolewa. Katika kichwa changu nilikuwa nimeishaanza kukata kitambaa cha arusi.

Justin alinawa mikono polepole, akasema, "Tanti, asante kwa chakula. Lakini siwezi kuzika mutu juu ya kupata muke."

Njiani nilimkasirikia sana. "Basi tungojee mpaka meno yaanguke?"

"Tungojee. Lakini si kwa kukaa."

"Umezunguka kambi zote. Kazi gani imebaki?"

Alisimama katikati ya barabara, pikipiki zikimpigia honi. "Siye tunaomba Mungu amulete muzee. Kama anamuleta kesho, atalala wapi?"

Jumamosi iliyofuata alianza kupiga matofali ya udongo katika kiwanja chake, pale tulipopanga kujenga chumba chetu. Chumba cha kwanza kikawa cha Baba mukubwa. Hakumficha mtu. Kila aliyeuliza aliambiwa: ni nyumba ya Muzee Ngabu wa Bule, yule mwenye kidole kilichokatika, anakuja.

Weee Mama, watu walicheka! Vijana wa pikipiki pale kwenye kona walipiga kelele, "Fundi! Muzee ametuma salamu kutoka mbinguni, anauliza kama unaweka madirisha!"

"Mumwambie iko mawili," alijibu bila kuinua kichwa.

Wanawake wa soko walipaita "Kwa Asiyekuja". Ukitaka kumwelekeza mtu, ulimwambia, pita Kwa Asiyekuja, kisha ugeuke kushoto.

Na mimi, Mama, niungame kwako. Niliona haya. Majuma matano sikupita njia ile. Nilizunguka nyuma ya soko na cherehani yangu kichwani ili mtu asiniulize kama mimi ndiye mchumba wa yule fundi. Niliendelea kuomba, lakini niliomba kama mtu aliyeketi kwenye benchi ya ofisi akisikiliza kama jina lake litaitwa. Halafu Jumapili moja, katika mazoezi ya kwaya, wote tulipiga makofi, yeye hakupiga. Niliona viganja vyake vimepasuka kwa udongo mpaka damu. Alikuwa anaimba kwa sauti yake yote, akitabasamu, mikono imening'inia kama ya mtoto aliyetoka kula asali. Nilijua kwamba tulikuwa tunaomba jambo moja, lakini mmoja wetu tu ndiye aliyekuwa anatazamia jibu.

Jumatatu nilibeba ndoo, nikaenda kupaka kuta. Justin hakusema "ulikuwa wapi". Alisema, "Madame, ukuta huu unakungoja tangu zamani." Ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo. Nilipaka ukuta huku ninalia, na matope yakachanganyika na machozi yakashika vizuri sana.

Tulimaliza kuezeka bati. Justin akatengeneza kitanda cha mbao na kiti cha kuketi mlangoni, mimi nikashona pazia na foronya. Kisha siku ya Jumanne, saa tisa mchana, nikiwa nyuma ya nyumba ninarudia kupaka pahali ambapo mvua ilikwaruza, nikasikia mtu anabisha kwa mbele.

"Hapa ndiyo kwa Muzee Ngabu?"

"Ndiyo, baba," Justin alijibu. "Lakini haiko."

"Atarudia lini?"

"Hatujue. Tunamungojea."

"Basi na mimi nitamungojea," sauti ile ilisema, na nikasikia kiti kinalia.

Mama, sauti ile! Nilizunguka nyumba mbio, mikono yote matope. Alikuwa ameketi mlangoni, amekonda, mguu mmoja umefungwa kitambaa, na ule mkono wa kushoto ameuweka juu ya goti ili Justin auone vizuri. Na Justin hakuona! Alikuwa anamtafutia mgeni maji ya kunywa. Mwaka mzima alitafuta kidole kile, kikaja kuketi mbele yake.

Nilimwangukia. "Weye, pole pole," alisema, "hii shati ndiyo moja tu niko nayo." Lakini alinishika kwa nguvu, hakuniachilia.

Alikuwa karibu na Bule siku zote, katika mashamba ya watu, mguu mgonjwa. Alikuwa ameambiwa kwamba sisi wote wa nyumba ya mdogo wake tuliisha. Hakututafuta, maana nani anatafuta wafu? Halafu wanawake wa Mudzipela walikwenda soko la Bule kununua maharagwe, na kwa kucheka kwao wakaanza kuwasimulia wenzao habari za fundi wazimu anayemjengea nyumba Muzee Ngabu wa kidole kilichokatika. Yeye alikuwa ameketi pale karibu, anauza fungu la viazi vitamu. Akauliza, "Mumesema Ngabu gani?" Kicheko kikakatika. Siku iliyofuata walimpandisha lori juu ya magunia yao.

Nimefikiri sana jambo hili, Mama. Kama tungefanya matanga, wanawake wale wangesimulia nini? Matanga ni mengi, hakuna anayeyasimulia sokoni. Mungu alichukua kicheko kilekile nilichokikimbia, akakituma kama mjumbe.

Tanti Véro alikuja jioni ile, akapiga magoti mlangoni, hajui pa kuweka uso. Baba mukubwa akamwambia, "Nimesikia weye ulitaka kunizika. Sasa ile mbuzi ya matanga iko wapi? Niko na njaa." Tulicheka mpaka Tanti akaketi chini.

Baba mukubwa alikagua nyumba yake yote, akasema dirisha moja linatazama choo cha jirani. Lakini analala humo mpaka leo. Siku ya arusi alinishika mkono mbele ya kanisa zima, akauweka katika mkono wa Justin, na hakuwa na haraka ya kuachilia. Wewe ulikuwa kwenye simu, tulisikia vigelegele vyako, kisha kilio chako. Hilo tu ndilo lililokosekana, kuona uso wako. Lakini siku barabara itakapokuwa nzuri utakuja, na kitanda chako Justin amekwisha kukipima.

Nisalimie mjomba aliyekupokea bila kuuliza utakaa muda gani, na mke wake anayekusugua goti kwa mafuta ya mawese. Nisalimie bibi mzaa mama, umwambie mjukuu wake amepata mume anayeimba. Busu kwa wadogo zangu wawili, wasome.

Nilipomwambia Baba mukubwa kwamba unaona haya kuongea naye kwa simu kwa sababu ulikubali matanga, alisema niandike hivi, neno kwa neno: "Shemeji asione haya. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimeisha kuacha kujingojea. Ni hawa watoto ndio walibaki kuningojea."

Ni mimi binti yako, ninayeandika jina hili kwa mara ya kwanza katika barua, kwa furaha,

Bahati, mke wa Justin